Maganda yatakwenda wapi? Swali la kuuliza mbele ya kununua depulpeze

Jioni ile pale Kasugho mvua ilikuwa imetukatia barabara, na mimi nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba nitalala. Basi kamati ya koperative ikanionyesha karatasi zao. Ulikuwa mpango wa stasyon ndogo ya kuosha kahawa, umeandikwa kwa mkono, kwa bic ya bluu, ndani ya daftari ya shule. Mambo yote yalikuwa pale: depulpeze moja ya kuzungusha kwa mkono, baseni mbili za simenti za kuchachishia, mfereji wa kuoshea, meza kumi na mbili za kuanikia, hanga ya mabati, mizani, hata kofuli ya mlango wa depo. Bei ya kila kitu pembeni, dola kwa dola. Nimeona miradi ya watu wenye diplome kubwa ambayo haina usafi wa namna hiyo.

Nikageuza mpaka ukurasa wa mwisho. Kuna mstari mmoja niliutafuta, nikaukosa. Nikauliza: "Na maganda yatakwenda wapi? Na maji ya kuoshea?"

Watu wakaangaliana. Papa mmoja mzee, aliyekaa karibu na mlango, akajibu bila wasiwasi: "Agronome, si muto iko pale chini?"

Tukasikia kicheko chumba kizima. Mimi pia ningecheka, kama si jambo lililonipata mwenyewe miaka michache iliyopita, kwenye stasyon nyingine, katika kijiji ambacho sitataja jina. Nawaelezea hapa, wanamemba wapendwa, kwa sababu koperative nyingi za Lubero na Beni sasa zinataka kuosha kahawa zenyewe badala ya kuuza kahawa iliyokaushwa na maganda yake kwa wale wanaovusha mpaka Uganda, na karibu zote zina daftari inayofanana na ile.

Pale kwingine, mimi ndiye niliyechora mpango. Nilikuwa nimetoka institut si zamani, kichwa kimejaa mambo ya kuchachisha na kuanika: masaa, unyevu, unene wa kahawa juu ya meza. Juu ya taka nilikuwa na kurasa mbili tatu tu katika kaye yangu. Nikachora shimo moja, mita mbili kwa mita mbili, nikaliweka upande wa chini wa depulpeze, hatua kama kumi na tano toka kijito. Nilichagua mahali pale kwa sababu ilikuwa rahisi. Maji yanashuka yenyewe, mtu hachoki.

Wiki ya kwanza hakuna neno. Wiki ya tatu kahawa ikaiva yote kwa mara moja, kama mnavyojua inavyofanya, na watu wakaleta cheri mpaka usiku. Shimo likajaa. Vijana wa kazi wakaanza kurundika maganda pembeni yake. Halafu mvua ikapiga usiku mbili mfululizo. Asubuhi kijito kilikuwa na rangi ya chai nzito, na harufu ya kasiksi iliyoharibika. Mbele kidogo, kule chini, njo mahali bamama wanachota maji na kuloweka mihogo.

Walifika saa moja ya asubuhi, kama ishirini hivi, bidoni tupu mgongoni. Hawakupiga kelele. Mama mmoja akaweka baseni ya mihogo mbele ya mlango wa ofisi, mihogo imegeuka rangi, akaniangalia akasema: "Agronome, kula basi."

Sikuwa na jibu. Chefu wa lokalite akafunga stasyon siku tisa, katikati ya mavuno. Kwa siku hizo tisa cheri ziliozea ndani ya mifuko, na wanamemba wengi wakaenda kuuza kwa bei yoyote. Wengine hawakurudi tena kwenye koperative. Siwalaumu. Wala simlaumu chefu, angefanya nini? Kosa lilikuwa la yule aliyechora shimo.

Sasa, watu wananiambia kila mara: "Lakini maganda ni kitu cha shamba, si sumu." Ni kweli, si sumu, na hapo njo tunadanganyika. Ganda la kahawa na ule utelezi wa ndani vimejaa sukari. Vikiingia katika maji, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakuja kula ile sukari, vinaongezeka kwa wingi wa ajabu, na vikila vinavuta hewa iliyo ndani ya maji. Samaki na kaa wanakosa pumzi, wanakufa kwa kukosa hewa tu, si kwa sumu yoyote. Ndiyo maana mto unanuka: hewa imekwisha. Juu ya hiyo, maji ya kuchachishia ni machungu. Mama akiyaoga yanamwasha ngozi, mtoto akiyanywa tumbo linasumbuka, na mahali palipo na mihogo inayolowekwa kila kitu kinaharibika.

Ninyi wa Kasugho mna sababu nyingine ya kufikiri. Mmekaa kwenye mlango wa réserve ya Tayna, ambayo wazee wenu walikubali kuitenga kwa ajili ya masokwe na serikali ikaitambua mwaka 2006. Maji ya milima yenu yanashuka kuelekea msitu. Si vizuri kulinda nyama za porini kwa mkono mmoja na kuwatilia uchafu kwa mkono wa pili. Na mtu akitaka kuona mto unavyokuwa pale ambapo kila mmoja anasema "ni kidogo tu, maji yatabeba," ashuke Butembo, asimame juu ya daraja la Kimemi dakika tano. Hatahitaji maelezo yangu.

Twende kwa hesabu, maana shimo bila hesabu ni tundu tu.

Kamati ya Kasugho walikuwa wanategemea tani 1 ya cheri kwa siku, zile siku za katikati ya mavuno, na kama tani 40 kwa msimu. Katika kilo 100 za cheri, mwisho wa kazi mnabaki na kilo karibu 20 za kahawa parche iliyokauka. Ganda peke yake ni kilo 40 na kupita kidogo. Zinazobaki ni maji na utelezi. Kwa hiyo tani 1 kwa siku inawaachia kilo 400 za maganda mabichi kila jioni, na msimu wote tani 16. Tani kumi na sita! Nilipoiandika ile namba ubaoni, yule papa mzee aliacha kucheka. Ni lori mbili au tatu, zimejaa, na mto wenyewe mtu mzima anauvuka bila kuvua viatu vyote viwili.

Maji nayo. Depulpeze ikifanya kazi na maji mengi, mkasukuma maganda kwa maji kwenye mfereji, halafu kila kuosha mkatia maji mapya, mnapita kwa urahisi litri 10 kwa kilo moja ya cheri. Kwa tani 1, hizo ni litri 10.000 kwa siku. Hakuna koperative ya huku itakayochimba shimo la kumeza hizo.

Basi kazi ya kwanza si kuchimba, ni kupunguza maji. Na hapa kuna jambo ambalo wenzetu wa Kolombia walilifanyia kazi miaka mingi katika kituo chao cha utafiti wa kahawa, Cenicafé: msitumie maji kumenya wala kubeba maganda. Waliona kwamba ukimenya kavu na kuondoa maganda makavu, unazuia karibu robo tatu ya uchafu wote ambao kazi ya kuosha kahawa ingeweza kutia ndani ya maji. Fikirini kidogo mtaona sababu. Ganda likikaa ndani ya maji ni kama majani ya chai ndani ya kikombe. Kila dakika linatoa kitu. Kwa depulpeze ya mkono jambo hili halina bei. Weka ubao ulioinama nyuma ya mashini, maganda yaanguke katika borweti au katika kipande cha bashi, kijana ayapeleke kwenye komposti kila baada ya saa moja. Maji ya kuosha mara ya mwisho ni karibu safi. Yahifadhiwe katika baseni ndogo yafanye kazi ya kuosha mara ya kwanza kesho yake. Tukifanya hivi, litri 4 kwa kilo zinatosha vizuri, wengine wanafika chini ya hapo. Kutoka litri 10.000 tumeshuka litri 4.000. Hiyo ni metre kibi 4 kwa siku. Sasa tunaweza kuongea juu ya shimo.

Shimo la maji ya kahawa halikusudiwi kuyaweka. Kazi yake ni kuyapa udongo muda wa kuyanywa na kuyasafisha polepole. Kwa hiyo swali si "shimo lina ukubwa gani," swali ni "udongo wenu unakunywa kwa mwendo gani." Na hiyo hakuna mtu wa Goma wala wa Kinshasa atakayewaambia. Mnapima wenyewe, kwa bidoni moja na fimbo.

Chimba kitundu cha upana wa sentimita 30 pale mnapotaka kuweka shimo, mpaka kina ambacho chini ya shimo itafika. Kijaze maji, kiache kinywe, kijaze tena, kikae usiku. (Hii ya kulowesha mbele ya kupima watu wengi wanairuka, halafu wanapata namba ya uongo, kwa maana udongo mkavu unakunywa kama mlevi wa siku ya soko.) Kesho yake kijaze kwa sentimita 20, simamisha fimbo yenye alama, hesabu yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Fanya vitundu vitatu, si kimoja.

Tuseme yanashuka sentimita 2 kwa saa. Kwa siku nzima ni 48. Msiandike 48, andikeni nusu, 24, kwa sababu maji ya kahawa yana tope laini linaloziba matundu ya udongo. Shimo lenye chini ya mita 4 kwa 3 lina metre kare 12. Mara sentimita 24, linakunywa karibu metre kibi 2,9 kwa siku. Ninyi mna 4. Halitoshi. Lakini mashimo mawili ya namna hiyo, leo moja kesho lingine, yanatosha na akiba ya mvua inabaki. Udongo ukiwa mzuri zaidi, mashimo yanakuwa madogo. Ukiwa wa mfinyanzi kabisa, yanashuka nusu sentimita kwa saa, basi pale si mahali pa stasyon, hata kama kiwanja ni cha bure.

Mbele ya shimo kuna haja ya kisanduku kidogo cha simenti au cha mawe chenye kichungi, kinakamata maganda na punje zilizoponyoka, kinasafishwa kila jioni. Pembeni, mtaro wa kugeuza maji ya mvua, maana mvua moja ya Lubero inajaza shimo kuliko kahawa ya wiki. Chini yake, mistari miwili ya bingobingo au vetiver. Mizizi inakunywa pamoja nanyi, na bingobingo mnakatia mbuzi. Uzio, tafadhali, uzio kabisa, wa mianzi au wa miti. Shimo la mita moja na nusu lenye utelezi ni mtego wa watoto. Majivu na chokaa vinapunguza ule uchungu wa maji. Majivu ya jikoni hayatatosha kwa litri 4.000, nisiwadanganye, lakini ndoo moja kila jioni inapunguza harufu na nzi.

Umbali: mashirika ya maji na vyoo yanafuata mita 30 kama kiasi cha chini toka chanzo cha maji, na chini ya shimo ibaki mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Mimi sasa ninaomba mita 50 toka kijito, kwa sababu ya ile baseni ya mihogo. Na kusiwe na chemchemi upande wa chini.

Rwanda walijifunza haya kwa njia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 stasyon zao za kuosha zilihesabika kwa vidole. Miaka kumi na tano baadaye zilikuwa zimepita 200. Bei ya kahawa ikapanda, na mito chini ya mabonde ikaanza kulia, ikabidi kurudi kuchimba na kujenga upya mahali palipokuwa pamekwisha kujengwa. Kurudi nyuma ni ghali. Upande wa Ruwenzori, ndugu zetu wa Kawa Kanzururu walichagua stasyon ndogondogo karibu na wakulima, badala ya moja kubwa. Watu wanasifu njia hii kwa sababu ya umbali wa kubeba cheri. Mimi ninaisifu pia kwa taka: vidonda vidogo vidogo milima inaponya, kidonda kikubwa hapana.

Sheria nayo iko. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira, na ile ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, zote hazimruhusu mtu kutia uchafu ndani ya maji. Huku kwetu watu wanajua sheria pale tu mtu wa serikali anapokuja na karatasi ya amande. Mradi wenye mchoro wa mashimo na hesabu yake una jibu siku hiyo. Na mnunuzi wa Ulaya anayetaka kahawa yenye cheti atauliza swali lilelile nililouliza mimi, ila yeye atauliza akiwa ameshika bei mkononi.

Mnaniuliza, je, lazima kulipa injinia? Kwa stasyon ya tani 1, mimi ninasema hapana, lakini lazima mpate mtu mwenye macho ya usawa wa ardhi. Masoni mzuri mwenye mpira wa plastiki uliojaa maji anajua kupima miteremko. Pale Kasugho kuna UCNDK, chuo cha mazingira kabisa. Wanafunzi wanatafuta kazi ya mwisho ya masomo, waombeni waje kupima udongo na kuchora. Butembo kuna kitivo cha agronomia cha Université Catholique du Graben. Na kama mnalipa injinia, msikubali michoro mizuri peke yake. Mwambieni aandike maji mangapi yanaingia, mangapi yanatoka, na nani atasafisha kisanduku jioni watu wakiwa wamechoka. Hili la mwisho wengi hawaandiki. Na wakija wageni na jeep wakaongea juu ya biogazi, wasikilizeni kwa heshima, halafu waulizeni ile mashini itakula nini miezi ile ambayo hakuna kahawa.

Sasa maganda. Hapa niko na furaha kidogo, kwa sababu hapa taka inarudi shambani.

Tani 16 za maganda mabichi, nyingi ni maji. Ukiyakausha kabisa unabaki na kama tani 3. Ndani yake kuna azoti karibu sawa na mifuko miwili ya ure ya kilo 50, na potasi karibu sawa na mifuko mitatu. Ninasema karibu, na sehemu itapotea njiani. Mtu akiwaambia komposti ya kahawa itawatajirisha, mcheke. Lakini uliza bei ya mfuko wa ure ukifika Kasugho juu ya pikipiki, wakati wa mvua, na barabara hii! Halafu ure haina ile nyama ya udongo ambayo mashamba yetu ya miteremko yamekosa. Potasi njo ndizi inaipenda kuliko vyote, na mkahawa wenyewe pia: kila mwaka mnavuna cheri, mnaondoa potasi shambani, mnaitupa mtoni, halafu mnashangaa majani yanaungua pembeni.

Maganda mabichi msiyatupe kwenye shina. Yanapata moto, yanaita nzi, na miche midogo inaungua. Vilevile ndani yake kunabaki cheri zisizomenywa, zenye skolite, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa kahawa. Mkizirudisha shambani hivyo, mmembebea mdudu mpaka nyumbani. Lundo lenye moto mzuri linamuua. Fanyeni tabaka: maganda kimo cha kiganja, juu yake majani makavu ya ndizi au makapi ya maharage, kidogo cha mavi ya mbuzi au ya ng'ombe, tena maganda. Upana mita 2, kimo mita moja na nusu, urefu mpendavyo. Majivu kidogo sana, maana majivu mengi pamoja na mavi yanafukuza azoti hewani. Funika na majani ya ndizi mvua isiloweshe. Chomeka fimbo ndani. Siku ya nne uitoe, uishike. Ikiwa haina joto, lundo limekosa hewa au limelowa, geuza, ongeza vikavu. Geuza kila wiki mbili au tatu. Miezi mitatu mpaka minne, lundo limeshuka nusu au chini yake, linanuka udongo wa msitu baada ya mvua. Hapo limeiva.

Shida ya komposti si namna ya kuifanya, ni namna ya kuigawa. Kwenye ile stasyon yangu, tulipofungua tena, tulifanya komposti safi kabisa, na ikakaa pale miezi miwili ikimea majani. Wale wa karibu walibeba usiku. Wale wa mbali walisema, "Sisi tulileta cheri nyingi kuliko wao, na sasa wao njo wanakula." Walikuwa na haki. Mwishoni mama kesie alipata njia: katika kitabu kilekile cha kupokea cheri akaongeza mstari mmoja. Kila kilo 100 za cheri zinampa mtu haki ya baseni mbili za komposti. Mwenye kuacha haki yake anaweza kuiuza kwa jirani. Wa mbali wakaanza kukodi chukudu pamoja na kubeba. Vijana wanaogeuza lundo wanalipwa baseni, si franga, nao wanawauzia wenye bustani za lenga-lenga na poro. Tangu hapo sijaona komposti imebaki.

Kitu kimoja kingine, kifupi, kwa sababu nilikiona palepale Kasugho nyuma ya depo. Chupa za dawa za viazi, mifuko ya Dithane, nailoni za mbegu, zote katika lundo moja na maganda ya maharage, tayari kuchomwa. Hizo zisiguse komposti. Chupa ya dawa osheni mara tatu, maji yake yarudi ndani ya pompi na yapulizwe shambani, halafu itobolewe chini kwa msumari ili mtu asiweke ndani mafuta ya mawese. Nimeona ikiuzwa sokoni, imejaa mawese. Zikusanyweni katika pipa lenye kifuniko, ndani ya depo ya koperative, chini ya kofuli ile mliyoiandika katika daftari.

Tunarudi jioni ile. Shida ya kweli ya Kasugho haikuwa hesabu. Kiwanja kando ya mto kilikuwa zawadi, mwanamemba mmoja amekitoa bure mbele ya watu wote, na kukataa zawadi ya namna hiyo kunaweza kuvunja urafiki wa familia mbili. Kiwanja cha juu kiko hatua mia moja na kitu toka mto. Ni cha kukodi, na kinahitaji tuyo ya kuteremsha maji toka chemchemi ya mlima. Mama kesie akaleta kalkulatrise. Tuyo na kodi na mashimo vilikula meza nne kati ya zile kumi na mbili, na mabati ya hanga. Mwaka wa kwanza wangeanika chini ya bashi.

Vijana hawakutaka. "Tunaacha meza kwa ajili ya shimo?" Prezida alinyamaza muda mrefu. Mimi nilieleza habari ya mihogo, yote, hata ile sehemu ambayo ningependa kuisahau. Kisha mama mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo akauliza ni nani humu ndani ambaye bibi yake anachota maji juu ya ile stasyon. Hakuna mkono ulioinuka. Wote wanachota chini.

Mwenye kiwanja mwenyewe njo alimaliza shida. Akasema kile kiwanja cha chini walime lenga-lenga za koperative na komposti hiyo wanayoisifu sana, na zawadi yake haijakataliwa.

Kesho yake mvua ilikuwa imekatika. Salongo ya watu kumi na moja ilipanda kiwanja cha juu na majembe na bidoni. Tulikuwa tumelowesha kitundu cha kwanza usiku uleule, kwa taa ya telefone. Papa mzee wa mlangoni ndiye aliyeshika fimbo yenye alama, akakaa juu ya jiwe saa nzima, hataki mtu amsaidie kuhesabu. Maji yalishuka sentimita tatu na nusu. Akaangalia fimbo, akaangalia mteremko, akasema tuchimbe kingine kule upande wa kuume, karibu na mparachichi, kwa sababu pale udongo ni mwekundu kuliko huku, na yeye hauamini.